Muulize Mama Fundi: Je, upepo utatupunguzia dizeli?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa watu wanaoishi mbali na nguzo za TANESCO. Jenereta yao inanguruma tangu magharibi hadi alfajiri, na kila mmoja wao amesikia mahali fulani kwamba upepo ni wa bure. Zilizofanana nimeziunganisha, na zile ndefu nimezifupisha bila kugusa swali lenyewe. Ninawajibu kutoka karakanani kwangu Unga Limited, Arusha, ambako nimezeeka nikifungua na kufunga jenereta za hospitali za misheni, shule za bweni na kambi za watalii. Kwa hiyo mtanivumilia nikianza kuizungumzia jenereta kabla ya upepo.

Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni katibu wa kamati ya umeme ya senta yetu, wilaya ya Longido. Tuna jenereta moja ya dizeli ya kilowati 60. Inahudumia zahanati, shule, maduka, mashine mbili za kusaga, pampu ya kisima na nyumba za wanakijiji. Mchana mashine zikisaga mzigo unapanda sana, lakini usiku unabaki kama kilowati 20 tu. Dizeli tunaileta kwa mapipa. Sasa amejitokeza mfadhili, anasema atatujengea mtambo wa upepo wa kilowati 30. Wajumbe wanasema mafuta yatapungua nusu. Ni kweli? Tunatakiwa kusaini mwezi ujao.

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi.

Hayatapungua nusu. Kwa jinsi mtandao wenu wa umeme ulivyo leo, yanaweza yasipungue hata robo, na sababu iko kwenye jenereta yenu. Upepo hauna kosa.

Chukua kalamu tufanye hesabu ya kukadiria. Jenereta ya kilowati 60 ikizunguka tu, bila kubeba kitu, inakula karibu lita 5 kwa saa. Hiyo ni gharama ya kuwa macho. Juu ya hapo, kila kilowati inayobeba inaongeza kama robo lita kwa saa. Ikibeba 60 zote inakula lita 20 hivi, ikibeba 20 inakula lita 10. Umeona? Mzigo umeshuka hadi theluthi moja, lakini mafuta yameshuka nusu tu. Usiku kucha mnaendesha lori la tani kumi kupeleka gunia moja sokoni.

Sasa lete upepo. Tuseme usiku mmoja unavuma vizuri na mtambo unatoa kilowati 10. Jenereta inabakiwa na 10. Mafuta yanashuka kutoka lita 10 kwa saa hadi lita 7 na nusu. Nusu ya umeme wenu imetoka kwa upepo, nanyi mmeokoa robo ya mafuta. Tena hapo nimewapendelea, kwa sababu jenereta haitakiwi kabisa kukaa kwenye kilowati 10. Watengenezaji wengi hawataki jenereta ya dizeli ibebe chini ya asilimia 30 ya uwezo wake kwa muda mrefu. Kwa ya kwenu ni kilowati 18. Ikishuka chini ya hapo saa nyingi kila usiku, injini haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye nozeli na ringi za pistoni, oili inachafuka kabla ya siku zake, na ekzosi inaanza kutema majimaji meusi. Jenereta za namna hiyo nimezifungua nyingi, na nyingi zilikuwa na saa chache sana kwenye mita, mashine ambazo bado zilistahili kuitwa mpya. Hazikuharibiwa na kazi nyingi. Ziliharibiwa na kazi ndogo.

Kwa hiyo mkiheshimu hiyo asilimia 30, usiku huo wenu wa mzigo wa kilowati 20 upepo unaruhusiwa kuingiza kilowati 2. Nane zilizobaki zinatupwa. Mfadhili atapiga picha mtambo ukizunguka, mapipa yataendelea kuja kama kawaida, na baada ya mwaka watu watasema upepo haufai.

Ningekuwa mjumbe wa kamati yenu ningesema hivi: kabla ya mtambo wa upepo, ombeni jenereta ya pili, ndogo, ya kilowati 25, ya usiku. Ikibeba zile 20 inakula kama lita 7 kwa saa. Ni lita 3 pungufu kila saa. Kwa saa kumi na mbili ni lita 36, na tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000, mnaokoa karibu 108,000 kila usiku bila hata jani kutikisika. Halafu upepo ukija juu ya hiyo ndogo, unafanya kazi kweli. Ukitoa kilowati 10, jenereta ndogo inabaki na 10, ambayo kwake ni asilimia 40. Iko salama, na inakula lita 4 na nusu. Kutoka lita 10 mpaka 4 na nusu, hapo ndipo maneno ya wajumbe wako yanapokuwa kweli.

Hesabu zangu zinategemea namba ulizonipa. Sina hakika kama kuna mtu amewahi kuandika mzigo wenu saa kwa saa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpeni kijana mmoja anayeaminika daftari, aandike kila saa kilowati zinazoonyeshwa kwenye paneli, lita zilizoingia kwenye tangi na saa ambazo mashine za kusaga ziliwashwa. Fanyeni hivyo mwezi mzima. Daftari hilo litawasaidia kuliko mtaalamu yeyote atakayekuja na gari jeupe, mimi nikiwemo.

Sasa mfadhili. Muulizeni kwanza kama upepo wenu umepimwa, wapi, kwa urefu gani na kwa muda gani. Kusema "huku kuna upepo" hakutoshi. Nguvu iliyomo kwenye upepo inakwenda kwa mwendo mara mwendo mara mwendo. Upepo wa wastani wa mita 5 kwa sekunde una nguvu karibu mara mbili ya ule wa mita 4. Mtu amesimama hapo, kofia kichwani, hawezi kuhisi tofauti hiyo, lakini kwenye mafuta ni tofauti ya mradi kuishi au kufa. Ile "kilowati 30" iliyobandikwa ubavuni ni ya upepo mkali. Mtambo wenye duara la mabawa la upana wa mita 13 hivi, mahali pa wastani wa mita 4, utawapa wastani wa kilowati 2 na nusu tu mwaka mzima. Mahali pa mita 5, karibu kilowati 5. Na msisahau kwamba Longido mko juu, hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Tanga au Mafia kwa zaidi ya asilimia 10, na umeme unapungua kwa kiasi hichohicho. Kipimo kiwekwe kwenye mlingoti, kwa urefu unaokaribia ule wa mtambo, miezi kumi na miwili. Miezi mitatu ya kiangazi itawadanganya.

Muulizeni pia nani atapanda mnara bawa likipasuka. Kreni kutoka Arusha mpaka kwenu ni pesa nyingi, na masika njia nyingine hazipitiki. Mimi ningedai mnara wa kulaza, ule unaoshushwa chini kwa winchi na watu wa hapohapo waliofundishwa. Kinga ya radi iwe kwenye mkataba kwa maandishi. Ardhi yenu kavu ya majivu ya volkano haipitishi umeme vizuri, fimbo moja ya ethi haitoshi, inatakiwa waya wa shaba uliozikwa kuzunguka msingi. Na vumbi lile linakula ukingo wa mabawa polepole, kwa hiyo ukaguzi uwe wa kila mwaka.

La mwisho kwenu ni zuri. Mna kisima. Umeme wa upepo unaozidi msiutupe, upelekeni kwenye pampu. Tangi kubwa lililojaa maji saa tisa usiku ni akiba ambayo haihitaji betri, haizeeki baada ya miaka sita, na fundi wake mnaye kijijini. Pampu ikipangwa kuwaka pale upepo unapozidi na kuzimika unapopungua, mchana mnakuta maji yapo na jenereta kubwa inabaki na mashine za kusaga peke yake. Katika miradi ya namna hii, hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote: umeme unakuwa maji ya watoto na ya ng'ombe, na hakuna aliyechoma tone la dizeli.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi kijana, nimesoma VETA hapa Moshi. Kwenye kambi moja West Kilimanjaro nimeunganisha mtambo mdogo wa upepo, kupitia inveta (kifaa kinacholinganisha umeme wa mtambo na wa jenereta), kwenye mtandao wa jenereta. Upepo ukija kwa mikupuo taa zinapepesa, jenereta inabadili sauti, na juzi imejizima yenyewe. Gavana nimeikagua, ni nzima. Tatizo ni nini?

Marahaba kijana wangu. Gavana ni nzima, ila umeipa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Jenereta yako inazunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Gavana inahisi mwendo ukipungua, inaongeza mafuta. Ukizidi, inapunguza. Lakini inahitaji muda kidogo. Mkupuo wa upepo kutoka mlimani hauipi huo muda. Kilowati 8 zinaingia ghafla, jenereta inajikuta haina mzigo, mwendo unapanda, gavana inabana mafuta, na wakati huohuo upepo unakatika. Sasa mzigo wote unarudi kwa injini iliyokwisha kubanwa. Taa zinafifia. Ile ya juzi kujizima, nadhani upepo ulizidi mzigo wa kambi, umeme ukarudi nyuma kuelekea kwenye jenereta, na kinga yake ikakata. Shukuru Mungu kinga ilikuwepo. Usiiondoe hata meneja akikulazimisha.

Fanya hivi. Weka mzigo wa kumwagia: hita za maji zenye swichi ya elektroniki inayosoma hezi, zikipanda juu ya 50 inawasha hita kidogo kidogo, zikishuka inazima. Kambi inahitaji maji ya moto ya kuoga, kwa hiyo hutupi kitu. Pili, ingia kwenye mipangilio ya inveta, uiambie isipandishe umeme kwa kasi, na iwe na kikomo ili jenereta ibaki na asilimia zake 30. Inveta nyingi za leo zinakubali kupunguza umeme zenyewe hezi zinapopanda, ila mtu amesahau kuiwasha hiyo kazi.

Kama kambi inataka kuzima jenereta kabisa usiku, hilo ni jambo jingine, na mweleze meneja hivyo kwa uwazi. Inveta uliyonayo inafuata tu. Inasubiri mtu mwingine aweke volti na hezi, ndipo ijiunge. Jenereta ikizimwa, nayo inakufa. Utahitaji betri pamoja na inveta ya aina ya kushika mtandao yenyewe, inayoweza kuanzisha hezi 50 na kubeba mshtuko wa friza na pampu zinapowaka. Hapo ndipo gharama inapopanda. Kwa kawaida, upepo ukiwa chini ya moja ya tano ya umeme wa mwaka mzima, mtandao wa dizeli unauvumilia bila vifaa vingi. Ukipita nusu, unajenga mtandao mpya ambao dizeli ni mgeni ndani yake.

Na jambo la usalama, nakuomba kama mwanangu. Ukizima jenereta ili ufanye kazi kwenye waya, usidhani waya umekufa. Mtambo juu bado unazunguka. Funga breki, kata swichi ya mtambo, weka kufuli yako mwenyewe, halafu pima.

Mama Fundi, wanafunzi wangu wa kidato cha nne, hapa Karatu, wanabishana. Wengine wanasema haiwezekani mji au kisiwa kuendeshwa na upepo bila dizeli. Naomba mfano wa kweli. Mwalimu wa fizikia.

Mwalimu, waambie pande zote mbili zina haki kidogo, halafu wape ramani wazitafute sehemu hizi.

King Island iko baharini kati ya Tasmania na bara la Australia, watu wake hawafiki hata elfu mbili. Waliishi kwa dizeli. Mwaka 1998 walisimamisha mitambo mitatu ya upepo kwenye kilima cha Huxley, na 2003 wakaongeza miwili mikubwa zaidi. Mafuta yalipungua, lakini jenereta haikuthubutu kuzimwa, kwa sababu ileile niliyomweleza kijana wa Moshi. Iliwabidi waongeze betri kubwa, mzigo wa kumwagia unaodhibitiwa kwa kompyuta, na magurudumu mazito yanayozunguka muda wote ili kushika hezi pale upepo unapokatika. Mwaka 2013 kisiwa kizima kikaenda bila dizeli kwa mara ya kwanza, upepo ulipokuwa mzuri. Waonyeshe wanafunzi urefu wa muda huo: miaka kumi na mitano tangu mtambo wa kwanza. Mabawa yalikuwepo siku zote. Kilichochelewa ni vile vitu visivyoonekana kwenye picha.

Alaska, Marekani, ni somo jingine. Mji wa Kotzebue uko kaskazini ya mzingo wa Aktiki, hauna barabara ya kuufikia kutoka nje, na mafuta yake huja kwa tishari wakati wa kiangazi barafu ikishayeyuka. Mwaka 1997 walianza na mitambo mitatu midogo, wakajifunza nayo, wakaongeza polepole. Kusini zaidi, kisiwa cha Kodiak kilisimamisha mitambo mitatu ya megawati 1.5 kwenye mlima Pillar mwaka 2009, na mitatu mingine 2012. Leo karibu umeme wao wote unatoka kwa upepo na maji. Kodiak wana bahati ya bwawa: upepo ukishuka wanafungua maji, ukipanda wanayafunga. Lakini waliponunua kreni kubwa ya umeme bandarini, kila iliponyanyua kontena mzigo uliruka ghafla, ikabidi nao wafunge magurudumu mazito ya kushika mshtuko.

Kisiwa cha El Hierro, katika visiwa vya Kanari vya Hispania, walichimba bwawa juu kwenye kreta ya volkano na jingine chini karibu na bahari. Upepo ukizidi unapandisha maji, ukipungua maji yanashuka na kuzungusha mitambo. Ulianza 2014, megawati 11.5 za upepo. Wameshafikisha zaidi ya wiki mbili mfululizo bila dizeli. Lakini jenereta za dizeli zipo mpaka leo, na kuna misimu zinafanya kazi sana.

Katika Afrika kuna Cape Verde, visiwa vinne vya nchi hiyo vilipata jumla ya megawati 25.5 za upepo kati ya 2011 na 2012, kwenye mitandao iliyokuwa ya dizeli na mafuta mazito. Hawakuzima jenereta. Walipunguza mafuta ya kununua nje, basi. Jirani zetu wa Marsabit, Kenya, nao mjini kwao waliweka mitambo miwili ya upepo kusaidia jenereta za dizeli, ya wastani tu, kwa ajili ya mji wenyewe. Kaunti hiyohiyo ndiko uliko mradi mkubwa wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, megawati 310. Huo ulikamilika 2017 ukakaa ukisubiri nyaya mpaka 2018, kwa sababu laini ya umeme ya kwenda kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Waulize wanafunzi: kati ya Marsabit mjini na Turkana, upi unafanana na kijiji chako? Ule mdogo.

Nikiwa mwamuzi wa mdahalo wao ningesema: inawezekana kwa saa, kwa siku, hata kwa wiki. Mwaka mzima bila tone, mpaka uwe na maji au betri kubwa sana. Na aliyepunguza mafuta kwa nusu ameshinda tayari.

Mama, nataka kufunga kile kipangaboi cha upepo juu ya bati la nyumba yangu Njiro ili nisisumbuliwe umeme unapokatika. Unanishauri ya kampuni gani?

Sikushauri ya kampuni yoyote. Njiro pana miti na maghorofa, upepo unaofika kwenye bati umevunjika vipande vipande, mtambo utacheza huku na huku, utatikisa kenchi usiku, na hautachaji hata simu za nyumba nzima. Mtambo wa upepo unataka kuwa mita 10 juu ya kila kizuizi kilicho jirani. Moshi mjini ni hivyohivyo. Nunua paneli mbili za sola na betri nzuri, ulale.

Habari za kazi. Tunatoka Ngaresero, karibu na Ziwa Natron. Upepo wetu wa jioni kila mgeni anaujua, mahema yanapepea usiku kucha. Tunafikiria upepo pamoja na sola badala ya jenereta. Wenzetu wanasema tutaua heroe (flamingo). Ni kweli?

Salama kabisa. Ninyi ndio watu ambao ningependa sana wafanikiwe na upepo, kwa sababu jua linapozama upepo wenu ndio unaanza. Sola mchana, upepo jioni, betri ndogo kuliko ambayo ingehitajika kwa sola peke yake, na jenereta kwa siku mbaya tu. Kwenye sehemu nyingi za mkoa wetu ninawaambia watu waanze na jua, kwa kuwa paneli ni rahisi na haina kitu kinachozunguka. Kwenu upepo unastahili kupimwa kwa makini.

Lakini wenzenu hawasemi uongo, na naomba mwasikilize. Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakozaliana, karibu wote. Hakuna ziwa jingine la kukimbilia kwa kazi hiyo. Eneo hilo limo kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, tangu 2001. Heroe huruka usiku kutoka ziwa hadi ziwa, gizani, na mara nyingi kinachowaua ni nyaya wasizoziona, kuliko hata mabawa. Mkiamua, mtambo uwe mmoja au miwili midogo, kando ya makazi, mbali na ukingo wa ziwa na mbali na mito wanakokunywa. Chagueni mnara usio na waya za kuushikilia. Kama lazima ziwepo, zifungwe alama zinazoonekana. Nyaya za kusambaza umeme zizikwe ardhini, ardhi yenu ni ngumu kuchimba lakini chimbeni. Na mabawa yafungwe usiku ambao makundi yanahama. Vijana wenu wanaoongoza wageni wanazijua nyakati hizo. Tai nao wasisahaulike, wanapanda na upepo uleule wa ukingo wa bonde mnaoutaka ninyi, kwa hiyo msijenge juu ya ukingo.

Nendeni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kabla ya kununua chochote. Mkiambiwa hapana pale mlipopachagua, kubalini, mtafute pengine.

Mama Fundi, sisi tulishaweka jenereta na sola, sasa tunataka kuongeza upepo. Lakini nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimeonekana kijiji cha pili. Tusubiri gridi ya taifa au tuendelee? Mwenyekiti, Simanjiro.

Mwenyekiti, kama nguzo zimefika kijiji cha pili, msiongeze mtambo wa upepo mwaka huu. Nasema hivyo ingawa naupenda upepo. Mitandao ya dizeli mingi nchini imeshazimwa baada ya gridi kufika, Songea na Mbinga mwaka 2018, na Kigoma baadaye, na hakuna aliyeililia dizeli. Mtambo wa upepo unahitaji miaka mingi kurudisha pesa yake, na bei yenu ya umeme haitaweza kushindana na ya TANESCO.

Hiyo haina maana kwamba upepo na gridi ni maadui. Mufindi, mradi wa Mwenga ulisimamisha mitambo mitatu ya upepo mwaka 2020, megawati 2.4, kando ya mtambo wao wa maji ulioanza miaka ya nyuma, kwa sababu kule upepo huvuma zaidi kiangazi mto unapopungua. Lakini wao walikuwa na upepo uliopimwa, mteja mkubwa na mkataba. Ninyi mna jenereta na sola.

Tumieni pesa hiyo kwenye nyaya na nguzo zenu za ndani. Zikijengwa kwa viwango vya TANESCO, gridi ikifika zinaweza kuunganishwa bila kung'olewa. Zikiwa za fito zilizopinda, zitang'olewa zote. Mtandao wenu, kwa kuwa uko chini ya megawati 1, hauhitaji leseni, ila unapaswa kuwa umeandikishwa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kama bado, jiandikisheni sasa, maana asiyeandikishwa hana anachodai laini ikiingia. Halafu mwandikie barua meneja wa TANESCO wa wilaya, uulize laini itafika lini na kama watazitumia nguzo zenu. Omba ajibu kwa maandishi, upige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Gridi ikishafika, sola ibakizeni kwa zahanati, friji ya chanjo isitegemee kitu kimoja. Jenereta ifanyiwe sevisi, mbadili oili ya zamani, mfunike vizuri, na iwashwe nusu saa kila mwezi ikiwa imebeba mzigo wa kutosha.